Wafuasi Elfu Nne na Mchungwa wa Baba

Niliwadanganya kina mama kumi na wawili kwa mpigo mmoja, tena asubuhi, tena nikinywa chai yao. Hilo ndilo kosa langu na sitalizungusha. Walikuja bomani kwangu mwishoni mwa mwezi wa kumi, majembe begani, wametoka kuchimba mashimo kwa jirani. Wakanimiminia chai kutoka kwenye chupa yao, kwa sababu wanajua mimi ni mwanaume wa kuishi peke yangu na chai yangu huwa na rangi ya maji ya kuoshea vyombo. Kisha wakaniomba miche ya machungwa, kumi kumi kwa kila boma. Nikawaambia imekwisha.

"Yote ina wenyewe," nikasema.

Ilhali nyuma ya nyumba, hatua chache kutoka pale walipokuwa wamekaa, miche mia tatu na kitu ilikuwa imejipanga kwenye vifuko vyake vyeusi kama watoto wa shule wanaosubiri kengele. Na hao wenyewe niliowataja walikuwa watu wa kwenye simu. Sikuwa nimemwona hata mmoja kwa macho.

Kikundi cha aina ile sisi Wakamba tunakiita mwethya. Leo mnalima kwangu, juma lijalo kwako, na zamu inazunguka mpaka imfikie kila mtu. Mashimo ya miti huchimbwa kabla ya mvua, yakatiwa mbolea ya ng'ombe, yakaachwa wazi yakisubiri. Kiongozi wa mwethya wa kwetu ni jirani yangu. Kati yangu na yeye kuna ua wa michongoma tu. Sote tunamwita Mwaitu, yaani mama, hata wale wanaokaribia umri wake. Shamba la kiongozi huwa la mwisho kwenye zamu. Ndiyo desturi, asije akaonekana anawatumia watu.

Siku ile Mwaitu hakubishana. Alitazama upande wa nyuma ya nyumba, akatazama chai yangu, akasema, "Sawa, baba. Kama imekwisha imekwisha." Wakabeba majembe yao na chupa yao wakaenda.

Ili ujue uzito wa upumbavu ule, lazima nikuambie habari za mti.

Baba yangu alikuwa na mchungwa mmoja kando ya bafu la nje. Aliupanda pale makusudi ili maji ya kuoga yasipotee. Hapa kwetu nje kidogo ya mji wa Wote maji si kitu cha kumwaga mara moja. Yanamwogesha mtu, kisha yananywesha mti. Kwa hiyo ule mchungwa ulikula sabuni ya familia nzima kwa miaka mingi, na bado machungwa yake yalikuwa matamu kiasi kwamba watu walitoka kanisani Jumapili wakapitia kwetu kusalimia, na salamu zenyewe zikachukua saa nzima, mpaka kikapu kitolewe. Baba alikuwa na namna yake ya kumenya. Kisu kidogo, ganda jembamba, linazunguka kutoka juu hadi chini bila kukatika. Akimaliza analirudishia tunda lile ganda lake, unakabidhiwa chungwa ukidhani halijaguswa.

Alipofariki, machungwa yalikuwa yameiva. Kina mama wa mwethya ndio waliopika mazishini, na wao ndio walioyachuma yote wakawagawia watu waliokuja kumzika. Nakumbuka watu wamesimama kando ya kaburi bichi, mikono inanukia machungwa.

Kiangazi kilichofuata mti ukaanza kukauka kutoka nchani. Wengine walisema unamlilia mwenyewe. Mimi nilichimba shinani nikakuta mchwa wamekula mizizi, na nikajua hauponi. Ukweli mwingine ni kwamba tangu baba aondoke, bafu lile lilikuwa na mtu mmoja tu, na mtu huyo hakuoga mara nyingi vile.

Nikaamua kuokoa kizazi chake. Mbegu za limau nilikuwa nimeziotesha. Mlimau una mizizi migumu, unastahimili udongo wetu. Mwezi wa tatu nikakata macho ya mchungwa wa baba, yale machipukizi madogo yanayolala kwenye kijiti. Nikapasua ganda la kila mlimau mchanga, nikaliingiza jicho, nikafunga na utepe wa nailoni. Baba alinifundisha kazi hiyo nikiwa nimemaliza kidato cha nne na kukosa la kufanya, hali ambayo kwangu imedumu. Mia tatu na kitu yakashika. Ule mti ukawa umebakiza matawi mawili tu yenye uhai, na kila kilichobaki chake kilikuwa ndani ya vile vifuko. Mche wa namna hiyo ukiingia ardhini mvua inapoanza, utaishi. Ukibaki kwenye kifuko mpaka kiangazi, mizizi inajisokota humo humo, na unaanza kuzeeka kabla ya kukua. Kwa hiyo hesabu yangu ilikuwa moja tu: mvua ya mwezi wa kumi na moja isipite kabla watoto wa ule mti hawajapata ardhi.

Nilikuwa nimehudhuria semina ya siku moja kule Wote, ya kufundisha watu kukuza biashara mitandaoni. Kwangu mimi kutoka bomani ni safari. Mara ya mwisho kabla ya hiyo nilikwenda mjini kununua kufuli ya lango ambalo hakuna anayelifungua. Lakini mtu aniambie naweza kuuza kitu bila kutoka nyumbani! Nilifika kabla ya mwalimu mwenyewe.

Nikarudi, nikafungua ukurasa wa mtandaoni. Mwezi wa saba, chungwa la mwisho la ule mti lilipoiva, niliegemeza simu kwenye sufuria nikajirekodi nikilimenya kama baba, ganda moja bila kukatika. Nikasema hili ndilo chungwa la marehemu baba yangu na miche yake iko tayari mvua ikinyesha. Nikala. Nikaenda kulala.

Kulipokucha simu ilikuwa moto kama imekaa jikoni. Watu wametuma mioyo myekundu, mamia kwa mamia. "Buda, hiyo imeweza!" "Nimeonja na macho." "Uko wapi wewe, tuje?" "Niwekee kumi." "Niwekee hamsini, nina shamba Kitui." "Mungu ampumzishe mzee." Ndani ya miezi mitatu nikawa na wafuasi elfu nne. Elfu nne! Soko la Wote likijaa siku ya mnada sidhani linafika hapo.

Sasa sikiliza mwenye akili alifanya nini. Nilichana shuka kuukuu la bluu vipande vidogo vidogo. Kila aliyeandika "niwekee", nilifunga vitambaa kwenye miche idadi aliyotaja. Neno la mtu ni neno, ndivyo tulivyolelewa. Huku kwetu mtu akikuambia "niwekee debe la ndengu," unaliweka, na atakuja, kwa sababu asipokuja mtakutana kanisani. Sikufikiria kwamba mtu wa simu sitakutana naye kanisani wala popote. Kufikia mwezi wa kumi miche yote ilikuwa imevaa bluu, na mwethya walipokuja nikawaambia ina wenyewe. Ndani ya moyo wangu, ule ulikuwa uongo wenye ukweli wake. Nilikuwa na vitambaa.

Kulikuwa na jambo jingine pia, na hili linaniuma zaidi. Nilikuwa nimeshaanza kujiona. Kuuzia majirani ilikuwa kazi ya baba. Mimi nilikuwa mtu wa elfu nne.

Mvua ikaja vizuri mwaka huo. Ilianza mchana, matone makubwa yanapiga mabati, harufu ya vumbi ikapanda mpaka ndani ya nyumba. Nikatoka na simu nikaipiga picha miche ikinyeshewa, nikaandika: mvua ndiyo hii, njooni. Mioyo ikamiminika kuliko hata siku ya chungwa. "Hongera sana." "Kazi safi, kaka." "Nakuja wikendi." Wikendi ikaja peke yake.

Kutoka ng'ambo ya ua nilisikia kina mama wakiimba, wakipanda kwenye yale mashimo yao. Walikuwa wamenunua miche ya maembe mahali pengine. Boma la kwanza, la pili, la tatu. Kila wimbo ulipoisha nilijua mashimo mengine yamefungwa, na hakuna kitu cha baba ndani yake. Nikaongeza sauti ya redio.

Wiki ya tatu ya mvua, mtu mmoja akaandika anataka arobaini, lakini nimpelekee mji wa Sultan Hamud, tukutane kando ya barabara ya Mombasa saa nne asubuhi. Niliamka kabla ya kuku. Nikapakia miche kwenye makreti, nikalipia gari, mimi mtu wa boma, nikateremka kwenye lami na miche yangu arobaini yenye vitambaa. Mwenye duka moja, mama mnene mchangamfu, akaniruhusu kuiweka kwenye baraza lake.

Saa nne ikapita. Saa sita. Nikatuma ujumbe, tiki mbili, hakuna jibu.

"Unauza miche hii?" mama wa duka akaniuliza.

"Ina mwenyewe."

"Nipe basi miwili tu, nipande nyuma hapa."

"Mama, ina mwenyewe. Ilishahesabiwa."

Akaenda kuhudumia mteja wa sukari. Mzee mmoja akasimama, akashika majani, akauliza bei, nikamwambia yale yale. Akacheka. "Kijana, nimeona wauzaji wengi kwenye hii barabara. Huyu wa kukataa kuuza ndiyo mara ya kwanza."

Saa kumi jioni jibu likaja. "Ah, pole sana mkuu. Nilikuwa bado nafikiria."

Nililisoma mara nyingi, nikitafuta mahali matusi yalipo, na hayakuwepo. Alikuwa mtu mwenye adabu. Hakuwa ameniibia kitu. Alikuwa anafikiria, na mimi ndiye niliyeyageuza mawazo yake kuwa gari, makreti na siku nzima ya mvua. Nilipoinuka kumpa mama wa duka ile miwili, alikuwa amefunga. Nikarudi na arobaini.

Siku zile ndipo nilipotafuta daftari la semina. Nilitaka nimlaumu mwalimu. Nikafungua ukurasa, na mwandiko wangu mwenyewe ukanitazama: "Mwaka wa kwanza tarajia kujulikana, usitarajie kuuza. Anayependa si anayenunua. Kati ya wengi wanaouliza, atakuja mmoja mmoja. Wateja wako wa karibu usiwaache." Yote niliyaandika. Kisha juu yake, kwa kalamu ile ile, nilikuwa nimechora chungwa kubwa lenye jani, likafunika nusu ya maneno. Kumbe mwalimu alisema. Mwanafunzi alikuwa anachora.

Mmoja alikuja kweli. Alitoka Kitui, mwalimu mstaafu, mama mwembamba wa miwani, akateremka kwenye bodaboda langoni kwangu na kikapu chake. Nilifurahi mpaka nikakosa salamu. Nikamkaribisha kama askofu. Nikamwambia, nikitunisha kifua, "Kwa hiyo mtandao umekuleta."

"Mtandao ulinikumbusha," akasema. "Aliyenileta ni baba yako. Nilikuwa hapa kwenye mazishi, nimeolewa na mtu wa ukoo wa mama yako. Tulipewa machungwa pale kaburini. Nilipoona video nikasema, hili chungwa nalijua."

Akaenda kuutazama ule mti kando ya bafu. Wakati huo tawi moja tu lilikuwa na majani, nayo ya manjano. Akaugusa. Kisha akachagua miche sita, akafungua vile vitambaa vya bluu kimoja kimoja akanirudishia mkononi, akidhani ni mapambo.

"Wengine wamechukua ngapi?" akauliza.

"Wewe ni wa kwanza."

"Na mvua inaisha lini huku?"

Nikatazama juu. Sote wawili tulikuwa tunaiona. Mawingu yalikuwa yamekonda.

Alipoondoka nilikaa kwenye ngazi ya bafu na vitambaa sita mkononi. Wafuasi elfu nne, na aliyekuja ni mtu aliyekuwa amekula chungwa kwa mkono wa kina mama wale wale niliowafukuza kwa uongo. Sijui kama nililia. Niseme tu kwamba bafu lilipata maji.

Siku chache baadaye upepo wa kawaida kabisa, usiong'oa hata kiota, uliusukuma mchungwa wa baba ukalala. Mchwa walikuwa wamemaliza. Niliukata vipande mwenyewe. Ndani, katikati ya shina, ulikuwa bado na harufu.

Asubuhi ile ile nilipita mwanya wa michongoma nikaenda kwa Mwaitu. Alikuwa anachambua mbaazi kwenye ungo. Hakuniambia niketi, nikaketi.

"Mwaitu, ile siku niliwadanganya. Miche ilikuwepo."

"Najua."

"Ulijua?"

"Mwanangu, mimi na wewe tunapakana. Nyuma ya nyumba yako naiona nikiwa msalani." Akapepeta ungo. "Nilikuona ukiifunga vitambaa. Nikawaambia wenzangu, huyu kijana ama anaoa ama ameingiwa na pepo."

"Mbona hukusema?"

"Ulisema ina wenyewe. Nikasema labda wako. Nani ajuaye mambo ya simu?"

Nikamwambia mti umeanguka. Mikono yake ikasimama. Alikuwa ameuona ule mti ukipandwa. Alikuwa bibi arusi mpya hapa, na ulipozaa baba alimpa machungwa ya kwanza kabisa kwa sababu alikuwa na mimba na hakuna kitu kilichokaa tumboni. Hayo nilikuwa siyajui. Alinisimulia pale pale, akitazama mbaazi.

"Mashimo yote yamepandwa?" nikauliza hatimaye.

"Ya watu yamepandwa. Yangu bado. Mimi si wa mwisho?"

Alikuwa na mashimo sitini kwenye matuta yake, yamechimbwa, yamewekwa mbolea, na maembe yalikuwa yamemwishia. Alikuwa anafikiria kuyafukia apande mihogo. Nikamwambia asiyafukie, Alhamisi naleta miche sitini.

Sitamwambia mtu kwamba mambo yaliisha vizuri. Sitini si mia tatu. Iliyobaki niliinywesha kiangazi chote kwa mitungi ya maji niliyoyachimba kwenye mchanga wa mto, na mingi ikafa mikononi mwangu, mmoja mmoja, huku nikitumiwa mioyo. Leo nina mia moja na kidogo, mifupi, yenye hasira. Ukurasa sijaufunga. Nimeandika juu kabisa: miche hii huzaa baada ya miaka mitatu au zaidi, usije na haraka. Baadhi ya watu wameacha kunifuata kwa neno hilo. Wengine wawili wamekuja, kwa miguu yao, na nikawauzia. Sifungi tena kitambaa mpaka nimwone mtu. Wanaoniuliza kama mtandao unafaa, nawaambia unafaa, ni kama kengele ya kanisa: watu wengi wanaisikia, na wengi wao wanageuka upande wa pili wa kitanda.

Lakini nirudi kwenye Alhamisi ile ya kupanda kwa Mwaitu. Ardhi ilikuwa bado na unyevu, wa mwisho mwisho. Nilivusha miche sitini kwa toroli, safari baada ya safari, kupitia ule mwanya wa michongoma. Kina mama walinipokea kwa vigelegele vya kejeli. "Ameleta! Kumbe wenyewe ndio sisi!" Mmoja akanivua kofia akaivaa. Walinisamehe kwa namna wanavyojua, yaani walinitania mpaka nikakosa pa kutazama. Kisha wimbo ukaanza, na ile miche ikaanza kuingia ardhini, mmoja baada ya mwingine, mikono inabonyeza udongo kuizunguka taratibu kama mtu anavyomfunika mtoto. Nikaona majani ya baba yakipanda lile tuta, mstari mzima.

Nikatoa simu. Sikutaka chochote, nilitaka tu kuonyesha. Nikarudi nyuma hatua mbili ili wote waingie kwenye picha. Mwaitu alikuwa ameinama kwenye shimo, matope mpaka kwenye viwiko. Hakuinuka, hakugeuza hata shingo.

"Hao watu wako elfu nne," akasema, "waambie mashimo saba yamebaki, na hapa kuna jembe moja halina mtu."